Deki Iliyowekwa Ndani

Ilikuwapo nchi, na bado ipo, ambayo haina haja ya kutajwa jina kwa sababu yenyewe hujitaja kila alfajiri kwa vipaza sauti. Ni nchi yenye amani kubwa. Amani yake husikika hadi nchi za jirani, na majirani wamelalamika mara mbili.

Wananchi wake walikuwa na Rais, Baba wa Masikio Yote. Walikuwa na Wizara ya Usikivu. Walikuwa pia na Sheria ya Wati, ambayo wataalamu walithibitisha kwamba hakuna taifa jingine lililowahi kuifikiria. Sheria yenyewe ilikuwa fupi: kila mtu asikike kwa kadiri ya cheo chake. Rais, wati elfu ishirini. Waziri, elfu tano. Mkuu wa wilaya, elfu moja. Mkurugenzi wa idara, mia tano, na mia sita akiwa na mgeni. Mwalimu alipewa wati tano, zinazotosha kabisa kumwamsha mtoto wa dawati la mbele. Mwanafunzi hakupewa kitu, akaepushwa na gharama. Katika nchi hiyo mtu akipandishwa cheo hakuandikiwa barua, alipelekewa spika.

Mwalimu Sikitu alifundisha darasa la saba katika shule ya wasioona ya Mtondooni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, mchapakazi, mwenye kasoro moja tu: aliamini barua za serikali. Mwaka huo alikuwa na watahiniwa kumi na mmoja.

Zamani mtihani wa wasioona ulisomwa na karani. Mwaka mmoja karani akakohoa mara tu baada ya kulitaja jina la Waziri wa Usikivu, na tangu hapo mtihani ukahamishiwa kwenye diski, maana diski haina mapafu. Diski ilianza na hotuba ya Waziri, dakika arobaini, kisha yakafuata maswali hamsini, yaliyorekodiwa kwa sauti ya karani wa daraja la nane. Shule isiyo na chombo cha kuipiga diski iliandikiwa kwamba watahiniwa wake hawakutokea, hata kama wamekaa pale wote, wamechana nywele.

Chombo cha Mtondooni kilikuwa redio kuukuu yenye deki. Wiki tisa kabla ya mtihani ikaanza kutafuna. Ilitafuna diski ya mazoezi ya Hisabati, ikaendelea na Sayansi, ikafa ikiwa na Maarifa ya Jamii mdomoni.

Jambo hilo halikuwa dogo. Kwa mtoto asiyeona wa nchi hiyo kulikuwa na njia mbili baada ya darasa la saba: sekondari, au ngazi za benki, pale wanapokaa wanaokinga mkono. Wazazi wakakutana, wakauza mbuzi wawili, wakamkabidhi Mwalimu Sikitu kilichopatikana. Yeye akamchukua Havijawa, binti wa miaka kumi na mitatu mwenye masikio makali kuliko wote darasani na ulimi wa kufanana nayo, wakaenda mjini kununua.

*

Duka la Mzee Shamte lilijaa redio na spika kuanzia sakafuni hadi darini, zote zikiwaka.

"Karibu Mwalimu, karibu! Unataka yenye taa ngapi?"

"Taa?"

"Hii ina taa kumi na sita. Besi ikipiga zinakimbia hivi, zinarudi hivi. Mgeni akiingia sebuleni lazima akae chini."

"Mzee," Havijawa akasema, "taa mpe mwenye macho."

Shamte akamtazama. "Huyu mtoto ana mdomo."

"Mdomo anao, macho ndiyo hana," Mwalimu Sikitu akasema. "Tunataka kitu kidogo, deki na risiva ya kukuzia sauti pamoja, kisikike vizuri. Bei isizidi mbuzi wawili."

"Mbuzi wa wapi?"

"Wa kwetu Mtondooni."

"Basi wembamba hao. Haya, sikilizeni hii."

Walikuwa wamebeba diski moja iliyosalimika, sauti ya mtu akisoma hesabu za mafumbo. Shamte akaitia kwenye seti nyekundu yenye sabufa kama pipa. Kaunta ikatetemeka.

"Amesema kumi na sita au kumi na saba?" Havijawa akauliza.

"Hiyo ndiyo ladha ya besi, mwanangu."

"Ladha hiyo itanila maksi. Nyingine."

Ya pili alisema msomaji amefungiwa ndani ya tangi. Ya tatu alisema inakula herufi, ishirini inatoka ihirini. Ya nne alisema inamfanya msomaji asikike amelewa, na mlevi hawezi kuaminiwa na hesabu za sehemu. Jasho likaanza kumtoka Mzee Shamte.

"Sikiliza, binti. Hapa anakuja Mkuu wa Wilaya kununua. Hajawahi kurudisha chombo."

"Kwani yeye huwa anasikiliza?"

Shamte, kwa shingo upande, akainama chini ya kaunta akatoa kiboksi chenye vumbi. Ndani yake mlikuwa na deki na risiva katika mwili mmoja, ukubwa wa mikate miwili iliyolazwa pamoja, spika mbili za kushikika kiganjani, na sabufa isiyozidi kopo la rangi. Wati hamsini.

"Hiki sikutaka kukitoa," akasema. "Faida yake haifikishi nauli ya kukileta. Na watu hawakitaki. Mtu akija kununua muziki anataka jirani ajue. Hiki atakijua mwenyewe tu."

Akaitia diski. Sauti ikatoka taratibu, kama mtu aliyevuta kiti akaketi karibu nao. Havijawa akarudi nyuma hatua tatu, akatoka hadi barabarani penye pikipiki na wauza maji, akasimama huko, kisha akarudi akipapasa mlango.

"Pale baada ya swali la sita amegeuza ukurasa," akasema. "Nimeisikia karatasi."

Mwalimu Sikitu akalipa papo hapo. Shamte akafunga boksi kwa kamba na kushusha sauti.

"Lakini Mwalimu, msikiwashe shuleni kabla hakijapita Idara ya Mlio. Chombo cha umma hicho. Mtaniponza."

"Najua, Mzee wangu. Tumeletewa barua. Inasema ni siku tatu."

Mzee Shamte akamwangalia kwa huruma ambayo wafanyabiashara huwa hawaitoi bure. "Haya, Mwalimu," akasema. "Siku tatu."

*

Mkurugenzi wa Idara ya Mlio, Bwana Telaki, alikuwa mtu mnene mwenye tai fupi. Kati yake na mgeni palikuwa na meza ya upana wa hatua mbili, lakini sheria ni sheria: Mwalimu Sikitu alikabidhiwa kipaza sauti cha wati tano, na Mkurugenzi akamjibu kwa spika sita zilizopangwa ukutani.

"MWALIMU! HIKI NI NINI?"

"Ni deki, Mheshimiwa, na risiva yake. Kwa ajili ya mtihani."

"NAONA NI KITU KIDOGO. KWA KAWAIDA SERIKALI HAIONI VITU VIDOGO. MIMI NIMEJITAHIDI."

"Ahsante, Mheshimiwa. Na bei yake ni nafuu."

Bwana Telaki akasimama. Watu wa namna yake husimama wanapotaka kukumbukwa.

"TAIFA HILI HALIKUPIGANIWA KWA BEI NAFUU. CHOMBO KIKIWA RAHISI, MWANANCHI ATAKINUNUA. AKIKINUNUA, ATAKIWASHA. AKIKIWASHA, ATACHAGUA MWENYEWE CHA KUSIKILIZA. SASA NAKUULIZA, SISI HAPA TUTAKUWA TUNAFANYA KAZI GANI?"

Mwalimu Sikitu hakujua, na kwa kuwa alikuwa mkweli, akasema hajui.

"TENA DISKI YA MTIHANI INAANZA NA MHESHIMIWA WAZIRI. WAZIRI NI WATI ELFU TANO. HIKI NI HAMSINI. UNATAKA KUMPITISHA WAZIRI MZIMA HUMU? TUMBO ATALIPITISHA WAPI?"

"Mheshimiwa, ni sauti tu."

"SAUTI TU! ANDIKA HAPO, KARANI: AMESEMA SAUTI TU."

Aliyemwokoa, au aliyeonekana kumwokoa, alikuwa Bi. Mwanakombo. Huyu alikuwa Kungwi wa Taifa, mtumishi wa serikali mwenye kitambulisho, kanga doti mbili na posho. Kazi yake ilikuwa kuvifunda vyombo vya umma. Katika nchi hiyo hakuna redio wala kipaza sauti kilichoruhusiwa kusema mbele za watu kabla ya kuwekwa ndani kama mwali, kikafundishwa nini cha kutamka na nini cha kumeza, kisha kikatolewa nje kwa ngoma. Utaratibu huo ulianza siku redio moja isiyofundwa ilipokatika katikati ya hotuba ya Rais, na watu waliokuwa wakiisikiliza wakasikika wakimshukuru Mungu.

Bi. Mwanakombo akakizungusha kile kidogo mikononi, akakipuliza vumbi, akakinusa.

"Mwali mzuri," akasema. "Mpole. Ila hawa wapole, baba, ndio hutoboa siri za nyumba. Atakaa ndani siku arobaini, kageuzwa uso ukutani."

"Siku arobaini? Bibi, barua ilisema tatu!"

"Tatu za kupokea, mwanangu. Kupokea si kufunda."

"Na atawekwa wapi?"

"Mwali hawekwi ofisini, kuna wanaume wanapitapita," akasema Bi. Mwanakombo. "Atawekwa kwa Mkurugenzi. Nyumbani kwake kuna mapazia."

Mwalimu Sikitu akahesabu kwa vidole chini ya meza. Wiki nane zilizobaki, kutoa siku arobaini. Zilibaki siku kumi na sita. Akaona bado inawezekana, akatia sahihi.

*

Siku ya arobaini na moja alikwenda nyumbani kwa Mkurugenzi akiwa amevaa nguo ya sherehe na amebeba kilo mbili za mchele kwa ajili ya ngoma.

Alipofika getini alisimama. Kutoka ndani ulitoka muziki wa taarabu, taratibu kabisa, kila uzi wa fidla ukisikika peke yake. Mlango ulikuwa wazi. Bwana Telaki alikuwa amelala chali mkekani, tai pembeni, viganja kifuani. Spika zake za cheo, zile za wati mia tano, zilikuwa zimefunikwa vitambaa na juu yake zimepangwa vyungu vya maua. Kile kidogo kilikuwa juu ya kigoda karibu na sikio lake. Mkurugenzi alikuwa akilia, si kwa uchungu, bali kama mtu aliyesikia neno kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi ya kusikia kelele.

"Hodi," Mwalimu Sikitu akasema.

Bwana Telaki akaruka. Bila spika zake alikuwa na kisauti chembamba, kama cha mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Ni somo la kumi na mbili," akasema huku akijifuta. "Mwali anafundishwa kushinda vishawishi."

"Siku zimetimia, Mheshimiwa. Nimekuja kumchukua."

Bi. Mwanakombo akatokea jikoni na mwiko. "Hajakomaa."

"Bi. Mkubwa, ni bati na nyaya! Anakomaa vipi?"

"Hata wewe ulikuwa bati na nyaya kabla hujafundwa. Na kwa mdomo huo, sina hakika kama ulifundwa."

"Mtihani ni wiki mbili zijazo. Nina watoto kumi na mmoja. Wasipofanya wanakwenda kukaa kwenye ngazi za benki, mnanielewa? Kwenye ngazi!"

Mkurugenzi alitazama mkeka. Ilionekana kama anataka kusema kitu cha kibinadamu, lakini cheo kikamuwahi.

"Serikali haitawatupa," akasema. "Mtapewa chombo kinachomtosha Waziri."

*

Kililetwa kwa lori. Kilikuwa na jina, Ngurumo 5000, na kiliuzwa kwa serikali na kampuni ya shemeji wa Waziri, ambayo ilishinda zabuni baada ya kushindana vikali na kampuni nyingine ya shemeji huyohuyo. Kilikuwa na spika nane, kila moja ndefu kuliko mlango, kwa hiyo mlango ukabomolewa, na ukuta pia. Kitasa cha sauti kilikuwa kimechomelewa mwisho kabisa ili mtu asije akamshusha Waziri kwa bahati mbaya. Kitabu cha maelekezo kilikuwa na ukurasa mmoja: Washa, kisha ondoka.

Siku ya mtihani walihudhuria Bwana Telaki, Bi. Mwanakombo na msimamizi kutoka wizarani, ambaye alikuja na pamba masikioni kwa sababu alikuwa mzoefu. Watahiniwa kumi na mmoja walikaa na vibao vyao vya nukta nundu, kila mmoja na stailo yake ya kutobolea majibu kwenye karatasi ngumu.

Ngurumo ikawashwa. Mashine ya kusaga ya kijiji ikazimika, taa za zahanati zikafuata. Kwa dakika arobaini Waziri aliwaeleza watoto jinsi serikali yake ilivyolifikia kila sikio. Plasta ikadondoka. Kuku wa jirani wakapanda juu ya paa wakaangaliana. Watoto waliinamisha vichwa wakabana masikio kwa mabega, maana mikono ilishika stailo.

Yakaja maswali. Swali la kwanza lilisema *gruumm*. La pili lilisema *gruumm* pia, ila kwa kuuliza.

"Hatusikii!" Havijawa akapiga kelele. "Punguzeni!"

Msimamizi alisoma midomo yake, akaandika kwenye fomu: *Watahiniwa wamegoma kusikia.*

"Wamegoma wapi?" Mwalimu Sikitu akamfokea sikioni. "We mwenyewe umejaza pamba!"

*Mwalimu amewaunga mkono*, akaandika.

Kwenye swali la nne Ngurumo ikavuta umeme wa tarafa nzima kwa pumzi moja, ikatoa harufu ya nywele zilizoungua, ikanyamaza. Kimya kikatanda shuleni. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi. Saa sita karatasi zingekusanywa, tupu au zilizojaa.

Msimamizi akatoa pamba. "Basi," akasema kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi mapema. "Nitaandika hawakutokea."

Havijawa alikuwa ameinua kidevu. "Mwalimu," akasema. "Kile kidogo kinaimba nje."

"Nini?"

"Nyuma ya jiko. Taarabu. Ni chenyewe, nakijua."

Watu wazima wakatoka. Nyuma ya jiko palikuwa na gari la Mkurugenzi, dereva akiwa ameegemea kiti, na kile kidogo kimeketi kiti cha nyuma, kimefungwa mkanda, waya wake umeungwa kwenye betri ya gari.

"Mwali haachwi peke yake nyumbani," Bwana Telaki akasema, sauti ikimpungua zaidi. "Ni mila."

"Mheshimiwa, kinatumia betri ya gari tu. Tuazime mpaka saa sita."

"Haiwezekani. Kumpitisha Waziri katika wati hamsini—"

"Waziri ameshapita," Mwalimu Sikitu akasema.

Mkurugenzi akageuka kuangalia darasani.

"Amemaliza dakika zake arobaini, kwa wati zake zote, na kuku ni mashahidi. Yaliyobaki ni maswali. Anayasoma karani wa daraja la nane. Sheria ya Wati inampa karani wa daraja la nane wati ngapi?"

Msimamizi, aliyeijua sheria kwa moyo na hakujua kitu kingine, akajibu kabla hajakonyezwa. "Tatu."

"Sisi tunampa hamsini. Nani hapa anamvunjia heshima?"

Bwana Telaki alitazama gari, akamtazama msimamizi, ambaye sasa alikuwa akiutazama ule mkanda wa kiti kwa udadisi na kalamu mkononi. Akatikisa kichwa kukubali upesi upesi.

"Hajatolewa nje!" Bi. Mwanakombo akasimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. "Mwali hapiti bila ngoma. Mnipitie mimi kwanza!"

Kutoka kwenye darasa lisilo na ukuta kikasikika kibao kimoja kikigongwa juu ya dawati. Kikafuata cha pili, vikafuata vyote kumi na moja, na juu yake kigelegele chembamba cha Havijawa. Bi. Mwanakombo akajaribu kukaza uso. Lakini kungwi ni kungwi. Bega likaanza, kiuno kikafuata, na kabla hajajua alikuwa amekikumbatia kile kidogo akikitoa nje kwa hatua za mwendo wa ngoma, akikifunika kwa kanga yake mwenyewe.

Gari likasogezwa hadi penye ukuta uliobomolewa. Diski ikahamishiwa kwenye kile kidogo, na karani wa diskini akasoma swali la kwanza hadi la hamsini. Stailo zikatoboa tik tik tik, na saa sita kasorobo Havijawa akaweka yake chini. Gari likaondoka na kile kidogo kiti cha nyuma, kimefungwa mkanda uleule.

*

Matokeo aliyaleta Bwana Telaki mwenyewe, ndani ya bahasha, pamoja na hati kubwa yenye nembo. Safari hii alikuja na spika zake.

"WAMEFAULU WOTE KUMI NA MMOJA! NCHI NZIMA IMESHANGAA. WIZARA IMEAMUA KILA SHULE IPATE NGURUMO. MIA NNE ZIKO BANDARINI. BADO KITU KIDOGO TU."

Hati ilisema: *Sisi watahiniwa wa Mtondooni tunathibitisha kwamba tulisikia kila neno la mtihani kupitia Ngurumo 5000.* Chini yake palikuwa na nafasi kubwa ya sahihi.

"Huu ni uongo," Mwalimu Sikitu akasema.

"NI HATI."

"Sitawaacha watie sahihi."

"BASI BAHASHA INARUDI NA MIMI. KISHERIA, MATOKEO YASIYO NA HATI NI UVUMI."

Wazazi walikuwa wamejaa uani. Mama mmoja akakaa chini palepale. Mwalimu Sikitu alishika hati kwa mikono miwili, na ilionekana wazi kwamba ataichana.

"Mwalimu," Havijawa akasema. "Tusomee tena. Polepole. Halafu, tafadhali, unyamaze."

Akasomewa. Akawageukia wenzake, wakanong'onezana kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Tutatia. Ila sisi kalamu hatujui, Mheshimiwa. Tunatia kwa stailo."

"TIENI KWA CHOCHOTE."

Walikaa mstari mmoja, hati ikapita mkono kwa mkono, kila mmoja akiibana kifudifudi katika kibao chake ili vinundu vitokeze mbele. Tik tik tik. Tik tik tik. Bwana Telaki akaangalia saa mara tatu.

"MBONA MAJINA MAREFU HIVI?"

"Tumetia na ya ukoo, Mheshimiwa," Havijawa akasema.

Mkurugenzi akaipokea, akapitisha kidole gumba juu ya vile vinundu, akapendezwa. Alisema vinaipa hati uzito. Akaiacha bahasha mezani, akaondoka, na spika zake zikaondoka nyuma yake kwa gari la pili.

Hati ilitundikwa kwenye ukumbi wa Idara ya Mlio. Kioo hakikuwekwa, kwa sababu fedha ya kioo ilinunua spika. Na hapo likatokea jambo ambalo Idara iliripoti kwa fahari katika taarifa yake ya mwaka: wananchi wasioona, kutoka kila pembe ya nchi, walianza kuja kuizuru. Walikuja wawili wawili, wengine kwa safari ya siku mbili. Walipanga foleni, wakapitisha vidole juu ya hati kutoka kushoto kwenda kulia, mstari hadi mstari, kisha wakatoka wakiwa wamebana midomo na mabega yakiwatetemeka. Taarifa ilieleza kwamba wanaguswa sana na Ngurumo.

Januari, siku mbili baada ya kuwasindikiza watoto wake kumi na mmoja sekondari, Mwalimu Sikitu alikwenda Idara kukidai kile kidogo kwa ajili ya darasa lililofuata. Aliambiwa asubiri ukumbini. Kwa kuwa alikuwa mwalimu wa wasioona, alifumba macho, akaweka kidole penye hati.

*Huu ni uongo*, lilisema jina la kwanza. *Tulisikia kwa kile kidogo cha mbuzi wawili*, lilisema la pili. *Kiko kwa Mkurugenzi, anakisikiliza amelala chali.* *Hili jingine linasema gruumm.* Akashuka jina kwa jina, polepole, hadi la kumi na moja, ambalo lilikuwa refu kuliko yote, limetobolewa kwa nguvu mpaka karatasi ikakaribia kupasuka.

*Mwalimu wetu alikataa. Atakayesoma hapa ajue alikataa. Sisi ndio tuliomwomba anyamaze.*

"MWALIMU SIKITU!" spika sita zikanguruma kutoka ofisini. "UNASEMAJE KUHUSU MAPAMBO YETU?"

Hakuondoa kidole.

"Nayasoma, Mheshimiwa," akajibu kwa wati zake tano, na kule ofisini hakuna aliyemsikia.